Mwongozo Niliouandika kwa Jioni Moja

Wiki iliyopita dada mmoja wa Moshi alinitumia ujumbe: "Kaka, programu yako inasema sina LoRA hata moja. Ninazo 42. Nakosea wapi?" Hakukosea popote. Niliyekosea ni mimi.

Programu yenyewe najivunia, sifichi. Inapita kwenye folda ya LoRA, yaani faili za nyongeza zinazoifundisha modeli ya kuchora picha mtindo au kitu kipya, inakuorodheshea zilizomo: jina, ukubwa, na modeli mama ya kila moja, yaani ile iliyotengenezewa. Wewe unayetengeneza picha kwa Stable Diffusion, modeli ya akili bandia inayochora picha kutokana na maneno, unaijua adha yake. Unapakua LoRA leo, unapakua kesho, mwezi ukiisha folda imejaa na hukumbuki ipi ni ya SD 1.5 na ipi ni ya SDXL, matoleo mawili tofauti ya Stable Diffusion. Ukiichukua ya 1.5 ukaiweka kwenye SDXL, haifanyi kazi. Programu yangu haibahatishi kwa jina la faili. Faili ya safetensors, aina ya faili ambamo LoRA huhifadhiwa, huanza na baiti 8 zinazotaja urefu wa kichwa kinachofuata, maelezo yaliyopangwa kwa maandishi ya JSON, na humo ndimo aliyeifunza LoRA anaweza kuacha taarifa zake. Nasoma hapo tu, kwa hiyo hata faili ya megabaiti 200 inamalizwa kufumba na kufumbua. Nilikesha miezi minne chumbani kwangu Sakina. Mwongozo nikauandika jioni moja.

Jioni hiyo ilinigharimu. Mwaka jana duka moja la kuchapa fulana, hapa Arusha karibu na Mnara wa Saa, ndilo lililokuwa la kwanza kukubali kunilipa. Siku ya tatu kijana wao aliona faili 15 zimeandikwa "haijulikani" kwenye safu ya modeli mama. Akaamini zimeharibika, akazifuta. Zilikuwa nzima. Neno lile lilimaanisha tu kwamba aliyezihifadhi hakuacha taarifa ndani yake. Baadhi walikuwa wamezifunza wenyewe kwa picha za vitenge vyao, na nakala hawakuwa nayo. Mwenye duka alinipigia simu, wala hakufoka. "Mdogo wangu," alisema, "wewe maana ya neno hilo uliijua. Sisi ungetuambia lini?" Hadi leo kifodi nilichopanda kikipita pale nageuza uso upande wa pili.

Ndiyo maana ujumbe wa Moshi ulinichoma. Jumamosi asubuhi nikapanda Coaster. Nilimkuta Majengo, nyumbani kwa mama yake, nikamwomba asome mwongozo na kufuata, mimi nikae kimya. Alifika mstari wa pili, "elekeza programu kwenye models/Lora", akaandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Kumbe yeye huendesha Stable Diffusion kwa programu ya ComfyUI, na humo folda inaitwa models/loras. Mimi natumia AUTOMATIC1111, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nikaandika kana kwamba kila mtu anacho nilicho nacho. Programu haikuikuta folda, na badala ya kusema hivyo ikaandika: LoRA 0.

Tukarekebisha njia ya folda, zote 42 zikatokea. Sita kati ya hizo "haijulikani". Nikaona kishale cha kipanya kinaelekea kwenye ile ya kwanza. "Hizi mbovu nizitoe?" akauliza. Nilishindwa kujibu kwa muda.

Sasa wewe mwenye programu yako, nisikilize. Kaa na mtu asome mwongozo wako mbele yako, nawe ufunge mdomo, kwa sababu usiku atakapokwama mdomo wako hautakuwepo. Kila neno linalotokea kwenye skrini lieleze, hasa lile linaloweza kumtisha. Kama programu haifuti kitu, sema haifuti kitu. Na kama watu wako wanaongea Kiswahili, waandikie Kiswahili. Tusiwafanye watu wazima waone aibu kuuliza maana ya neno moja. Narudia, kaa na mtu. Kazi uliyoikesha miezi haistahili kuelezwa kwa haraka ya jioni moja, na anayekuamini hastahili kuachwa akibahatisha.

Tulimaliza saa tisa alasiri, mama yake ametuwekea mtori. Sentensi ya kwanza ya mwongozo mpya ni ya dada huyo, sikubadilisha hata nukta: "Haijulikani si mbovu. Usifute." Nimechapa kurasa mbili. Jumatatu nazipeleka pale dukani, kwa mkono wangu.