Sauti yangu inanifuata nyuma

SWALI: Nina kadi ya sauti ya USB, nikiimba najisikia kwenye hedifoni nikiwa nimechelewa kidogo kama mwangwi, nimebadilisha waya mpaka nimechoka. Shida nini?

JIBU: Pole sana, hiyo inaudhi kweli. Waya hauna kosa. Kompyuta inakusanya sauti kwanza kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda, ndo inaitoa, sasa kama umeweka bafa ya sampuli 1024 (vipande vidogo vidogo vya sauti) na rekodi yako ni sampuli 48,000 kwa sekunde, hapo tu ni kama milisekunde 21, na unazilipa mara mbili, kuingia na kutoka. Shusha hadi 128, utabaki na chini ya milisekunde 3 kila upande. Ukisikia mikwaruzo panda 256. Kwenye Windows chagua draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka) ya kadi yenyewe.

Ila mimi ningeanza na kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kadi nyingi zinacho, hapo sauti inatoka kwenye maiki inaingia hedifoni bila kupita kwenye kompyuta kabisa. Ukikiwasha, zima monita (kujisikiliza) ya ile traki unayorekodia ndani ya programu ya kurekodi, la sivyo utajisikia mara mbili tena! Ukifika kumiksi, yaani kuchanganya traki zako, rudisha bafa 1024 tu.