Alamu inalia nyumbani, je kituoni wanaisikia?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumehama kutoka simu ya mezani ya zamani tukaweka faiba, simu na intaneti vyote sasa vinapita kwenye ruta moja. Kijana wa kampuni mpya alikuja akafunga, akapiga simu moja ya kujaribu, akaondoka. Sasa paneli ya alamu iko kabatini chini ya ngazi na tangu siku ile inalia pii pii usiku kucha na kitaa cha njano kinawaka. Baba watoto akaiwasha alamu akafungua mlango, king'ora kikalia mpaka majirani wakatoka, akasema si unaona iko sawa, hiyo pii pii tuizime tulale. Mimi moyo haujatulia kwa sababu hakuna mtu wa kituoni, kile kituo cha ulinzi kinachopokea ujumbe wa alamu yetu, aliyetupigia kuuliza kuna nini. – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama, na msiizime kabisa hiyo pii pii, hiyo ndo paneli inawaambia kuna shida. King'ora kulia ni kitu kimoja, ujumbe kufika kituoni ni kitu kingine. King'ora kimeungwa kwa waya humohumo ndani na kinatumia betri ya paneli, ukate simu ukate intaneti bado kitalia tu. Ujumbe wa kituoni una njia yake, paneli inashika laini, inapiga namba ya kituo, mashine ya kule inaitikia kwa milio miwili, alafu paneli inatuma tarakimu kwa milio kama ile ya kubonyeza simu: akaunti yenu namba fulani, tukio fulani, mlango fulani. Kule wakishapokea wanarudisha mlio wa kukubali. Mlio huo usiporudi, paneli inajaribu mara kadhaa kisha inaacha, na nyinyi hapo mnasikia king'ora mnadhani msaada uko njiani.

Ninavyoona kwenu, yule kijana alichomeka simu ya nyumbani moja kwa moja nyuma ya ruta akamaliza kazi, waya wa zamani unaozunguka ukutani mpaka chini ya ngazi ukabaki umekufa. Laini ya zamani ya shaba ilikuwa inaleta umeme wake yenyewe kutoka kwenye mitambo ya simu, kama volti 48 hivi, na paneli nyingi zinaupima muda wote, ukipotea ndo kitaa cha njano na pii pii. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha laini pale kwenye paneli, yani waya utoke kwenye tundu la simu la ruta uende KWANZA kwenye paneli, alafu kutoka kwenye paneli ndo uende kwenye simu za nyumbani. Mpangilio huo una sababu, mtoto akiwa anaongea na simu au mwizi akinyanyua mkono wa simu akauacha chini, paneli inamkata inachukua laini. Ukiunganisha kinyume chake hiyo nguvu inapotea. Na kabla ya kurudisha laini kwenye waya wa ukutani, lazima ule waya unaotoka nje kwenye nguzo utenganishwe kwanza, usije ukapeleka laini ya ruta mpaka barabarani.

Hapo bado hujamaliza mama. Simu ya kwenye ruta inakatakata sauti vipande vipande na wengine wanaibana ili ipite haraka, sikio la mtu halioni tofauti lakini milio ya alamu inaharibika, leo inafika kesho haifiki. Waulize kampuni kama laini yenu inatumia kodeki (njia ya kugeuza sauti ipite kwenye intaneti) ya G.711, hiyo haiibani sauti. Waombe kituo nao waangalie namba ambayo paneli inapiga, maana iliwekwa miaka mingi nyuma na huduma mpya inaweza kutaka namba kamili na tarakimu zake za mwanzo za eneo, au paneli inaanza na zile tarakimu za kuzuia simu ya pili isiingie na huduma mpya haizijui, simu inafia hapohapo.

Alafu umeme, na hapa ndo watu wengi wanaumia. Zamani umeme ukikatika simu ya mezani ilikuwa inafanya kazi. Sasa hivi paneli ina betri yake ya volti 12 na itaendelea, ila ruta na kile kiboksi cha faiba ukutani vikizima inapiga kelele kwenye waya mfu. Weka yupiesi (UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika), na uchomeke VYOTE VIWILI, nimeshakuta ruta ipo kwenye yupiesi na kiboksi kiko kwenye soketi ya kawaida. Ukiwa hapo angalia tarehe kwenye betri ya paneli, zile za madini ya risasi baada ya miaka 3 mpaka 5 zinakuwa zimechoka.

Ukimaliza jaribu hivi. Wapigie kituo waweke akaunti yenu kwenye majaribio, fungua mlango, acha ilie, alafu waulize wao wamepokea nini, wakutajie mlango gani na saa ngapi. Usiwaambie wewe. Fanya na madirisha, na sensa ya moshi, na kitufe cha dharura. Kisha zima swichi kubwa ya umeme ya nyumba nzima urudie. Ukishamaliza waambie watoe majaribio.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya bibi mmoja anayeishi peke yake, paneli ilikuwa imefungwa na kanga ili isipige kelele. Nikaunga simu yangu ya kujaribia kwenye skrubu za laini, kimya, hata mlio wa kupigia hakuna. Kituo wakafungua kumbukumbu, ujumbe wa mwisho kutoka kwake ulikuwa wa miezi saba nyuma. Miezi saba bibi alikuwa anaiwasha kila jioni kabla ya kulala. Waombe kituo wawawekee ripoti ya kujipima kila siku, paneli nyingi zinaweza, na wawapigie isipofika.

SWALI: Fundi mambo, wiki ijayo naingia kwenye intaneti mpya, naweza kukata laini ya zamani siku hiyohiyo nisilipe mara mbili? – Msomaji

JIBU: Usikate. Acha ziende pamoja mpaka kituo wakuthibitishie kwa mdomo wao kwamba wamepokea kupitia njia mpya. Na kama una kamera au sensa za waifai, ipe ruta mpya jina na pasiwedi zilezile za zamani, vingi vitarudi vyenyewe. Vikigoma, angalia kama masafa ya 2.4 GHz yamewashwa, vifaa vingi vya alamu havijui 5 GHz.

SWALI: Kituo wananisukuma niweke kwenye paneli kifaa cha simkadi cha kutuma ujumbe wa alamu, ni biashara tu au kina faida? – Kaka wa Alamu

JIBU: Kina faida kaka, na ningekuwa wewe ningeweka. Hakitegemei ruta wala waya wa kukatwa nje, kinakula betri ya paneli. Ila hakikisha ni cha 4G, Marekani kampuni kubwa za simu zilizima 3G mwaka 2022 na alamu zilizokuwa zinategemea 3G zikabaki bila njia. Na kabla hawajatoboa ukuta mwambie fundi apime mtandao palepale paneli ilipo, sio sebuleni.