Jibu: Kwa nini trilobaiti wa baadaye walikuwa na pingili chache?

Mkuu, umeuliza kwa nini trilobaiti (wanyama wa kale wa baharini waliokwisha kutoweka) wa mwanzo walikuwa na pingili nyingi na wengi wa baadaye wakawa na chache. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kujikunja.

Wale wa miaka milioni 521 hivi iliyopita, wengi walikuwa na kifua kirefu na mkia mdogo mno. Mwili wa namna hiyo haufungiki vizuri. Baadaye katika makundi mengi mkia ukakua hadi kukaribia kichwa kwa ukubwa, na idadi ya pingili za kifua ikatulia: trilobaiti wa jamaa za Asaphus 8, za Phacops 11. Hapo kichwa na mkia vinakutana barabara, miguu na tumbo laini vinabaki ndani ya gamba gumu la kalisaiti (madini ya chokaa). Adui ataumia meno bure!

Kwa kuwa uko Tanga, nenda soko la samaki la Deep Sea ushike kamba mbichi. Tumbo lake lina pingili 6, na kamba wote ni hivyohivyo. Mkunje uone magamba yanavyopishana bila kuacha mwanya mgongoni. (Kamba si uzao wa trilobaiti, lakini wote ni athropoda, yaani wanyama wa miguu yenye viungo.)

Kwa kutoweka kwa trilobaiti miaka milioni 252 iliyopita, usililaumu gamba. Janga lile lilifagia viumbe wengi wa baharini, na trilobaiti walikuwa wameshabaki wachache.