Presha, Mgongo na Kitambi: Maswali Yenu ya Yoga

Mwalimu, ni yoga ipi inaondoa kitambi ndani ya wiki mbili? (Wasomaji kadhaa, maneno karibu yaleyale)

Hakuna. Na mwezi ujao msinirudishie swali hili.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 52, naendesha lori Mombasa hadi Kampala, mgongo unaniua. Nasikia Hatha, Ashtanga, Vinyasa, Iyengar. Zinatofautianaje, na nianze na ipi?

Marahaba. Ashtanga na Iyengar zimetoka nyumba moja. Pattabhi Jois na B.K.S. Iyengar wote walifundishwa na Krishnamacharya kule Mysore, kusini mwa India. Jois, mwenye Ashtanga, akashika mfululizo wa mikao usiobadilika, mmoja baada ya mwingine, mpaka shati linalowa. Vinyasa imezaliwa humo, ila kila mwalimu anapanga mikao apendavyo. Hatha ni jina la jumla, na ukiliona kwenye tangazo, mara nyingi maana yake ni darasa la polepole.

Wewe anza na yoga ya Iyengar. Utotoni Iyengar mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, ndiyo maana yoga yake haimtukani mwenye mwili mgumu. Unakaa kwenye mkao mmoja, unarekebishwa, unaegemea kiti, mkanda au tofali la mbao. Mkanda huna? Chukua leso ya mama watoto. Lala chali, kunja goti la kushoto, pitisha leso kwenye unyayo wa kulia, shika ncha zote mbili, kisha nyanyua mguu taratibu mpaka nyuma ya paja ikuambie basi. Hapohapo vuta na kutoa pumzi mara tano, halafu badilisha mguu. Usishindane na leso. Misuli hiyo hukakamaa kwa kukaa kwenye usukani kutwa, na kiuno ndicho kinacholipa.

Hizi si porojo za watu wa mkekani. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Lakini maumivu yakishuka mguuni yakiambatana na ganzi, hospitali kwanza.

Nina presha. Mwalimu wangu anataka nisimame kwa kichwa ndipo nipande daraja. Ni sawa?

Si sawa. Mwenye presha ya macho naye asithubutu.

Ila swali lako limenikera kwa sababu nyingine. Siku ya kwanza, huyo mwalimu alikuuliza unaumwa nini? Kama hakuuliza, beba mkeka wako uondoke. Siku hizi mtu anamaliza kozi ya ualimu wa yoga ya saa 200, anapiga picha ufukweni miguu juu, kesho ana wanafunzi thelathini. Mimi mwenyewe niliwahi kusukumwa na mmoja wa namna hiyo, akinihimiza "bado kidogo, bado kidogo". Kwa miezi minne nilikuwa nikiitwa nageuka mwili mzima kama kabati. Na hayo madaraja, nani aliyeyaweka? Kusimama kwa kichwa hakumpi mtu cheo.

Je, Mwislamu au Mkristo akifanya yoga anaingia dini nyingine?

Asili yake ni India na imefungamana na dini za huko. Anayekuambia ni mazoezi ya viungo tu tangu mwanzo anakudanganya. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga yenye ibada na nyimbo za kidini. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua kama mchezo. Kunyoosha mgongo ni kunyoosha mgongo. "Om", ule mlio mtakatifu wa dini za huko, ikikutia shaka, nyamaza wenzako wakiitamka. Shaka ikibaki, muulize shehe au padri wako. Mimi ni mtu wa magoti na nyonga.

Yoga ya joto ya Bikram inafaa? (Temeke)

Mikao 26, dakika 90, chumba cha nyuzi 40. Ndugu yangu, unakaa Dar es Salaam, unataka kulipia joto? Fungua dirisha ufanye bure. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo wakae mbali kabisa.

Usiku akili inakimbia, silali. Kuna yoga ya hilo?

Ipo, nayo ndiyo haipigwi picha. Yin: unakaa kwenye mkao mmoja dakika tatu mpaka tano, bila kutumia nguvu. Au lala chali, miguu juu ukutani, makalio karibu na ukuta, mto mwembamba chini ya kiuno. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa sita. Ni huko kutoa taratibu kunakotuliza mapigo ya moyo. Dakika kumi zatosha, simu ikiwa chumba kingine, si chini ya mto.

Na ukipitiwa na usingizi katikati ya kuhesabu, usiniandikie kuuliza ulikosea wapi.