Kabla hujakodi ofisi kwenye ghala la zamani Manchester, kwaruza jointi za matofali

Nina mwaka wa tatu sasa kwenye ofisi ya ghorofa ya pili, ndani ya jengo lililokuwa ghala la vitambaa enzi za Malkia Victoria, na watu wananiuliza sana kama nao wachukue, maana picha zake zinatamanisha kweli, matofali mekundu, nguzo za chuma katikati ya chumba, madirisha mapana. Mi nasema chukua tu, ila usiende kukagua siku ya jua.

Sisi tulienda siku ya jua. Novemba ukuta mmoja ukaanza kulowa, matofali yanamomonyoka kama andazi la juzi, kila asubuhi nafuta vumbi jekundu kwenye kibodi. Aliyetukodisha akasema ni mvua tu. Tukamleta fundi mzee, akachokonoa jointi kwa ufunguo akacheka, kumbe zamani kuna mtu alizijaza simenti! Haya majengo yalijengwa kwa chokaa, na chokaa ni laini, maji yakiingia ukutani yanatokea humohumo kwenye jointi taratibu, sasa ukiziba na simenti maji yanabaki ndani ya tofali, baridi ikipiga yanaganda na uso wa tofali unabanduka. Kwa hiyo kwaruza kidogo (omba ruhusa lakini), ukikuta ungaunga mweupe poa, ukikuta kitu kigumu cha kijivu uliza kabisa nani atalipa matengenezo, na iandikwe kwenye mkataba.

Halafu mwanga. Madirisha ya mbele ni makubwa kwa sababu wanunuzi walikuwa wanakagua vitambaa kwa mwanga wa mchana. Nyuma ni giza, ila ukiona uwazi wa katikati umejengwa kwa matofali meupe ya kung'aa, yale yaliwekwa makusudi kurudisha mwanga ndani, wahi meza ya upande huo. Na sio maghala yote yako hivi, lile la tumbaku la Stanley Dock kule Liverpool, la 1901, matofali milioni 27, dari zake ni kama mita 2 na kidogo tu, walipoligeuza makazi ikabidi watoboe katikati ili mwanga uingie. Beba futi ya kupimia.

Madirisha yetu ni ya kioo cha tabaka moja tu, baridi inapenya, na jengo linalindwa kisheria, huwezi kubadilisha bila kibali. Tumeishia kwenye mapazia mazito na shuka la kimasai kwa kila kiti.