Hii “went” imetoka wapi jamani?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Wete, juzi karudi skuli na daftari limejaa wino mwekundu, kaandika “I goed to Chake” mwalimu wake kakata goed kaweka went. Sasa ananiuliza, mama “walk” inakuwa “walked”, “jump” inakuwa “jumped”, hii “go” kwa nini isiwe “goed”, na hio went imetoka wapi mana hata herufi moja hazifanani? Mie jawabu sina. (Mama wa Wete)

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Kwanza usimgombeze, mana mtoto kafata kanuni aliofundishwa, na watoto wa Kiingereza wenyewe huko kwao wakiwa wadogo husema goed vilevile mpaka wazowee.

Khabari yenyewe ni kwamba go na went si kitenzi kimoja, ni viwili vilivyounganishwa. Went ni mali ya kitenzi chengine kabisa, “wend”, ambacho zamani maana yake ilikuwa kugeuka au kugeuza, baadae ikawa kushika njia kwenda mahali. Muonyeshe “send” na “sent”, “bend” na “bent”, “spend” na “spent”, halafu muandikie wend na went chini yake, ataona mwenyewe.

Utaniuliza, kwani go haikuwa na wakati wake uliopita? Ilikuwa nao lakini wala usidhani ulikuwa goed. Kiingereza cha miaka 1000 nyuma walikuwa wakisema “eode”, nayo haifanani na go hata kidogo, yaani hii go tokea tunaijua ya jana yake imekuwa ikiazima tu! Eode matamshi yakabadilika badilika ikachakaa, na kufikia karne ya 15 kusini mwa Uingereza went ikawa ishakaa pahala pake. Wend ikabaki haina wakati uliopita, wakaifanyia mpya, “wended”, na siku hizi utaikuta vitabuni tu mtu akieleza safari ya taratibu. Kule Scotland hawakutaka shida zote hizo, wao go yao ni “gae” na iliopita wakaifanya “gaed”, kwa hivo mwanao angezaliwa huko zamani asingekatwa khasa, angebadilishiwa herufi moja tu.

Na kwa nini Waingereza hawajainyoosha mpaka leo? Kwa sababu inatumika kila dakika. Neno la kila siku mtoto analimeza lilivyo kabla hata hajajua kama kuna kanuni, ila lile linalosikika mara moja moja likisahaulika kidogo tu watu wanalitia kwenye kanuni. Zamani “help” iliopita yake ilikuwa “holp”, leo nani anasema holp, wote “helped”.

Tena tusiwacheke saana. Kusoma tunaamrisha soma, kukaa ni kaa, kulala ni lala, haya kuja mbona hatusemi ja? Tunasema njoo, na hakuna hata mmoja wetu aliewahi kukaa akajiuliza. Kaa barazani usikilize mgeni anaejifunza Kiswahili pale Mjini anavyomwita mtoto “kuja hapa!”, mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Yule mgeni kosa lake na la mwanao ni moja.

SWALI: Yakhe mie natembeza wageni Nungwi, Kitaliana nimekiokota ufukweni tu. Wakitaka kuondoka wanasema “andiamo”, lakini mtu mmoja akisema naenda, anasema “vado”. Nao ndio mambo hayo hayo? (Kijana wa Nungwi)

JIBU: Hayo hayo, tena umesikia vizuri. Vado imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini “vadere”, andiamo inatokana na kitenzi chengine, vimeshonwa pamoja vikawa kimoja. Wafaransa wamezidi, wao wana vitatu: naenda ni “vais”, tunaenda ni “allons”, nitakwenda ni “irai”. Ukipata mgeni wa Kifaransa mwambie akutajie zote tatu, utamuona anavyoanza kufikiri mwenyewe.

SWALI: Mimi nilimchukua Muingereza na ngalawa, tuko katikati ya maji ananiambia “can I have a go?”, nikajua kachoka anataka kwenda zake, nikageuza tukarudi pwani. Akashangaa, na mimi nikashangaa. Alitaka nini? (Baharia, Matemwe)

JIBU: Pole baharia, alitaka umpe usukani ajaribu! Hapo go si kwenda, ni zamu au jaribio, na Waingereza wanaitumia sana hivo. Watoto wao wakicheza mchezo wowote wa kupokezana, ukisikia “it's my go” ujue anadai zamu yake, kama nyie kwenye keram. Siku nyengine muulize anataka kushika nini kabla hujageuza chombo.

SWALI: Kuna mtu kaniambia “ago” na “gang” ni watoto wa go. Kweli au ananizuga? (Mwanafunzi, Kikwajuni)

JIBU: Kwa ago hajakuzuga, asili yake ni “iliyokwisha kwenda”, ndo mana “two years ago” inaangukia sawasawa na miaka miwili iliopita tunayosema sisi. Gang nayo inafanana na go kwa maana, lakini wataalamu hawakubaliani kama kweli ni ya ukoo mmoja nayo; mwanzo ilikuwa mwendo au safari, halafu ikawa kundi la watu wanaokwenda pamoja, baadae wafanya kazi, baadae ndio wezi. Maana ya mwanzo imebaki kwenye “gangway”, lile daraja unalopita kuingia botini pale Malindi. Na sisi tukaichukua tukasema genge la vibarua.