Flashi na shata ya polepole: maswali yenu

Nikipiga harusi kwa flashi, bibi harusi anang'aa lakini nyuma yake giza tupu, kama yuko pangoni. Mapambo yote hayaonekani. (Msomaji, Tanga)

Shata yako, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, inafunga mapema mno. Flashi huwaka na kuzima kwa 1/1000 ya sekunde hivi, mara nyingi chini ya hapo, na humfikia aliye karibu tu. Taa za ukumbini zinahitaji muda kuingia, na kwa shata ya 1/200 ya sekunde hazipati. Anza na shata ya 1/15, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800, flashi ikiwa kwenye TTL, yaani ijipimie mwanga yenyewe. Kwenye Nikon chagua SLOW katika mipangilio ya flashi. Canon ukiwa kwenye Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata), ruhusu shata ndefu katika menyu ya flashi.

Kwa 1/15 si picha itatikisika?

Itatikisika, na hapo ndipo utamu ulipo. Flashi inamgandisha mtu, mwanga wa ukumbi unachora mkia wa kila kinachosogea. Shangazi akizungusha khanga, uso wake unabaki mkali huku pindo la khanga likivutika kama rangi mbichi iliyopitiwa na kidole. Ila jihadhari na taa ya mpiga video: ikimmulika usoni, uso nao utavutika. Mngoje aipe mgongo.

Nilipiga bodaboda usiku. Taa zake zimechora mistari mbele, kama vile anarudi nyuma!

Flashi yako iliwaka shata ilipofunguka. Boda akagandishwa kwanza, taa zikaendelea na safari bila yeye. Weka flashi kwenye REAR, ambayo Canon huiita pazia la pili: flashi inawaka mwishoni, mkia unabaki nyuma yake. Mfuatishe kwa kamera anapopita.

Lakini usiitumie kwa picha za familia zilizopangwa. TTL hutoa mmweko mdogo wa kupima mwanzoni, na shata ikiwa nusu sekunde wageni wanadhani umemaliza, wanaanza kuondoka. Ninaye bwana harusi mmoja mwenye nyuso mbili, hakufurahi.

Simu je?

Hapana. Taa yake ni LED inayomulika mfululizo, haigandishi kitu.

Bibi harusi katoka wa bluu, ukumbi wa chungwa.

Balbu za ukumbi ni za njano kuliko flashi. Funika flashi kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa inayouzwa kwa kazi hiyo, kisha weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kwenye alama ya balbu. Karatasi inakula mwanga, kwa hiyo chukua betri za akiba.